Sumaku ya Mama Pindo

Mama Pindo alikuwa mtu wa kutaka kujua. Ukimletea gauni la dukani lenye mkunjo asioufahamu, hakutulia mpaka alifumue aone lilivyoshonwa kwa ndani, kisha akalirudishia uzi kwa uzi na mwenye gauni asigundue kitu. Jina hilo walimpa wateja, kwa sababu pindo zake zilikuwa hazionekani. Unaigeuza sketi nje ndani, unatafuta sindano ilipopita, huoni. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na kwenye kona pazia la buluu lililoficha kichumba cha kupimia nguo chenye kioo kirefu. Upande wa pili wa ukuta alikaa mumewe, fundi redio, katika karakana iliyojaa redio za watu, nyingi zikiwa zimekaa kimya muda mrefu kuliko alivyowaahidi wenyewe.

Sasa mtu mdadisi namna hiyo, nikikuambia kulikuwa na kitu kimoja duniani alichokiogopa hata kukidadisi, utasema natia chumvi. Lakini kilikuwepo, tena chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kilikuwa pini.

Unaweza kucheka. Fundi cherehani anayeogopa pini ni kama mpishi anayeogopa chumvi. Ila yeye hakuogopa pini iliyo mkononi mwake. Aliogopa ile iliyobaki. Miaka ya nyuma mteja mmoja alirudi dukani akicheka, akamwekea mezani pini iliyosahaulika kwenye kola. "Fundi, umenipa na nyongeza," akasema. Hakuna aliyechomwa. Walicheka wote wawili, mteja akaenda zake, na pengine alifika nyumbani ameshasahau. Mama Pindo hakusahau. Akaanza kuipapasa kila nguo kabla ya kuitoa, jambo la busara kabisa. Kisha akawa anaipapasa tena na tena, na hapo busara ikaanza kupungua. Mwisho akawa anamkimbilia mteja aliyekwisha kutoka, anafungua mfuko wake katikati ya njia na kupekua nguo aliyoishona mwenyewe.

Mumewe akaona amsaidie. Akang'oa sumaku nzito ya duara kwenye spika mbovu, akamletea. "Pitisha hii juu ya nguo. Pini haina pa kujificha tena." Alimaanisha mema, maskini, na laiti angejua angeitupa shimoni. Tangu siku hiyo sumaku ndiyo ikawa bosi wa duka. Isiposhika kitu, Mama Pindo alishusha pumzi, akakunja nguo, na kabla hajamaliza kukunja, swali likarudi: na kama umepitisha haraka?

"Baba, hebu njoo uniangalizie!"

Fundi redio anaacha nyaya zake, anakuja, anapapasa. "Hamna kitu, mke wangu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Kwenye mshono wa kwapa umeangalia?"

Ndivyo siku zilivyokwenda. Nguo zilirundikana, zimekwisha ila haziwezi kutoka. Wateja walichoka kuambiwa bado kidogo, wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa fundi suruali, mtu wa maneno mengi ambaye aliongea huku amebana pini kwa midomo.

Hayo ya duka yangeweza kuvumilika. Lakini binti yao wa pekee akajifungua mtoto wa kiume. Mama Pindo alikuwa amemngoja mjukuu huyo kwa hamu isiyo na mfano, akimwita mchumba wangu tangu yuko tumboni. Basi mchumba akaletwa, amefungwa kwenye shuka laini, anapiga miayo. Bibi akasimama mbele yake mikono ameiweka nyuma. Je, kama kuna pini imenasa kwenye blauzi? Kwenye kitambaa cha kichwa? Akasema ana mafua. Mara nyingine akasema mikono ina mafuta ya cherehani, mara nyingine mgongo unauma. Mtoto akajifunza kukaza shingo, akajifunza kukaa, na bibi yake mzaa mama alikuwa hajamshika hata kwa kidole.

Binti alivumilia mpaka siku moja uvumilivu ukamwishia. "Mama, sema tu nijue. Mwanangu amekukosea nini?"

Mama Pindo alizungusha gurudumu la cherehani bure. Angesema nini? Kwamba anampenda sana mtoto huyo hata hawezi kumgusa? Nani angeelewa? Binti alimfunga mtoto mgongoni, akaaga, na hakuja tena. Salamu zikawa zinapitia kwa baba. Mama Pindo aliingia nyuma ya pazia la buluu akalia mbele ya kioo, na uchungu wake ulikuwa mkubwa, nami siwezi kuupunguza kwa utani.

Iliyompatia njia ni redio ya mteja. Fundi redio alikuwa anailehemu alasiri moja, mara ikakohoa, ikanguruma, ikashika stesheni. Sauti ya daktari wa magonjwa ya akili ilikuwa inaeleza habari za watu wanaofunga mlango na kurudi kuujaribu, wananawa na kunawa tena, si kwa kupenda, bali kwa sababu wazo moja limewang'ang'ania na halitaki kuachia. Fundi alibaki ameinua kifaa cha kulehemu hewani. Kisha akainyanyua redio ile jinsi ilivyokuwa, matumbo nje, betri kaibana kwapani ili isizimike, akaingia nayo dukani kwa mkewe.

"Sikiliza, wanakusema!"

"Nani ananisema?"

"Wewe sikiliza kwanza!"

Walisikiliza wamesimama. Daktari alimaliza kwa kusema kwamba anahudumia watu kwa simu ya video, hata walio mbali, na akataja namba. Mama Pindo akarudi kwenye cherehani yake. "Mimi si kichaa."

"Nani kasema wewe ni kichaa?"

"Huyo si daktari wa vichaa?"

"Mbona kwa daktari wa meno ulikwenda, na hukuwa jino?"

Alitaka kukasirika, akacheka. Na alipocheka, ule udadisi wake wa zamani ukainua kichwa. Kweli kuna watu wengine wa namna hii? Nao wanaogopa pini? Wanapata wapi sumaku? Hakuwa amejiuliza maswali kama hayo kwa muda mrefu, maana swali moja lilikuwa limeyafukuza mengine yote.

Siku ya miadi alifunga duka mchana, akaingia kwenye kichumba cha kupimia nguo, akaisimamisha simu kwenye rafu kati ya makopo ya vifungo. Daktari akatokea: mwanamke wa makamo, miwani puani, nyuma yake ukuta mweupe na saa iliyosimama. Mama Pindo alitazama kwanza kola yake, akaona upande wa kushoto umekwenda kombo, akapata nguvu kidogo. Halafu akaeleza yote. Pini, sumaku, mume, mjukuu.

Daktari hakucheka wala hakumwonea huruma ya kumtia aibu. Aliuliza kama mtu anayefumua gauni ili aone lilivyoshonwa.

"Ukishapitisha sumaku, ule utulivu unakaa mpaka lini?"

"Mpaka nianze kukunja nguo."

"Halafu?"

"Halafu swali linarudi."

"Linarudi vilevile lilivyokuwa, au limeongezeka?"

Mama Pindo hakuwahi kuliangalia kwa upande huo. "Limeongezeka," akasema taratibu. Akajishika shavu. "Hee! Daktari, kumbe nalilisha!"

Daktari akatabasamu. Akamwambia huo ni ugonjwa unaofahamika, una watu wengi na una matibabu. Si ukichaa wala si udhaifu wa moyo, na hakuna haja ya kumtafuta aliyeuleta. Atamwandikia vidonge, ambavyo vitachukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na mwanzoni huenda tumbo likamsumbua. Pamoja na vidonge kutakuwa na mazoezi, na mazoezi yenyewe ni kuacha, hatua kwa hatua, yale anayoyafanya ili kuituliza hofu.

"Sawa. Lakini niambie kwanza, daktari. Nguo zilizo hapo mezani zina pini au hazina?"

"Sijui, mama."

"Daktari mzima hujui?"

"Sijui. Na wewe hujui. Ndiyo kazi yetu hiyo, kujifunza kukaa na hiyo sijui bila kukimbia."

Jioni alimlalamikia mumewe kwamba amemaliza bando zima ili kuambiwa sijui. Lakini aliuliza miadi ijayo ni lini.

Zoezi la kwanza lilimshangaza: aende akamtazame fundi mwenzake anavyotoa nguo. Akavuka barabara, akajifanya anaazima rula. Fundi suruali alimaliza kushona, akachomoa pini midomoni akazichoma kwenye kimto cha pini, akaikung'uta suruali mara moja, pwa, akaikunja na kumrushia mteja.

"Hujaangalia pini?" Mama Pindo akauliza.

"Si nimekung'uta?"

"Na kama imebaki?"

"Atairudisha." Akachukua suruali nyingine.

Mama Pindo alirudi dukani akilizungusha neno hilo kichwani. Atairudisha! Mtu anaishije na atairudisha? Anakula, analala, ananenepa, tena ana wateja wake wote pamoja na wa kwangu. Hakumwonea wivu. Alitaka tu kujua kinachofanyika ndani ya kichwa kile.

Basi naye akaambiwa afanye vilevile. Kukung'uta, kukunja, kutoa. Sumaku ikafungiwa kwenye droo ya mumewe. Nguo ya kwanza ilikuwa koti la mtu mzima, lenye bitana nene. Mteja alipoondoka nalo, Mama Pindo alikaa kwenye kiti kama alivyoelekezwa, akaitazama hofu inavyokuja. Ilikuja kweli. Masikio yalivuma, miguu ikataka kukimbia barabarani. Alijikaza kisabuni. Alikaa mpaka ikatokea jambo ambalo hakulitegemea, na siku ya miadi alilieleza kwa macho ya mtu aliyeona ajabu.

"Daktari, ilichoka!"

"Nini kilichoka?"

"Hofu. Ilipanda, ikapanda, nikasema leo nazimia. Halafu ikachoka yenyewe. Kama mgeni aliyeona haandaliwi chai."

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Blauzi zikatoka, sketi zikatoka, hata sare za shule. Tumbo lilimsumbua kidogo kama alivyoambiwa, likaacha. Rundo la nguo likapungua hadi ukaonekana ukuta. Kila miadi Mama Pindo alileta habari njema, na daktari alifurahi, ingawa alikuwa na tabia ya kuegemea kwenye skrini na kukunja paji la uso, kana kwamba habari ni njema kupita kiasi.

Siku moja Mama Pindo aliingia kwenye miadi akitokea moja kwa moja kazini, aproni kifuani, mkasi mdogo mkononi. Alikuwa anasimulia kisa cha bwana mmoja aliyetaka kupunguziwa suruali na kuongezewa kwa wakati mmoja. Ili aonyeshe vizuri kwa mikono miwili, aliuweka mkasi kifuani, akauachia. Mkasi ukabaki palepale. Hapakuwa na mfuko.

Daktari alivua miwani, akaivaa tena. "Mama, huo mkasi umeshikwa na nini?"

Mama Pindo akainama kuutazama. Akauvuta, ukaja na aproni. Akauvuta kwa nguvu, ukaachia, na alipoushusha ukanasa tena kwenye pindo la chini. Upande wa pili wa ukuta ikasikika sauti ya fundi redio. "Kumbe! Na mimi nilikuwa natafuta spika zangu ndogo zimekwenda wapi!"

Siri ikawa nje. Alikuwa amechukua sumaku nyembamba za spika ndogo akazishona ndani ya aproni, kifuani na kwenye pindo, kwa ule ushonaji wake usioonekana. Kila nguo aliikung'uta kama alivyofundishwa, kisha wakati wa kukunja akaikumbatia kidogo. Kumbatio tu. Nani angemshuku mwanamke anayekumbatia kazi yake?

Daktari alicheka hadi machozi, na Mama Pindo akacheka naye, kisha akajikuta machozi yake hayaachi. "Nimekudanganya," akasema.

"Hukunidanganya mimi peke yangu. Huo ugonjwa wako nao ni fundi, mama, unajua kuficha mshono. Sasa niambie. Haya yote unayafanya ili upate nini hasa?"

"Nimshike mjukuu wangu." Akajifuta kwa ukingo wa aproni. "Atafika umri wa kukataa wageni. Akifika huko kabla sijamshika, atanikataa mimi. Nitakuwa mgeni kwake, daktari."

"Basi chukua wembe, fumua. Nipo hapa."

Alifumua sumaku zote huku daktari akitazama, moja moja zikilia ndani ya kopo la vifungo. Mume naye aliitwa mbele ya simu akapewa zoezi lake. Kuanzia leo akiulizwa kama kuna pini, jibu ni sijui. Asiseme ipo, asiseme haipo. Fundi redio alikubali, lakini neno hilo lilimtoka kwa shida. Wiki ya kwanza, mkewe akimwita kwa ile sauti ya kuomba, alisema "Sijui, mke wangu," kisha akaenda kusimama nje hadi moyo wake utulie.

Kilichobaki ni binti. Daktari alishauri aambiwe ukweli, akaunganishwa kwenye simu ya video, nyuso tatu kwenye kioo kimoja. Mama Pindo alikuwa amejiandaa maneno, yote yakamkimbia. Akasema tu, "Mwanangu, sikukataa kumshika kwa kumchukia. Mimi ni mgonjwa. Kila nikimwona naona pini inamchoma, na pini yenyewe imetoka kwangu. Nampenda hadi nashindwa kumsogelea."

Binti alifumbua mdomo kutaka kusema, na picha ikaganda. Akabaki hivyo, mdomo nusu wazi, jicho moja limefumba. Analia? Amekasirika? Anacheka? Kisha picha ikapotea, na alipopigiwa, simu haikupatikana. Siku iliyofuata pia haikupatikana, na iliyofuata.

"Baba, atakuwa amekasirika? Niambie hajakasirika."

Fundi redio alimtazama mkewe. Hapo hapakuwa na pini, lakini alilitambua swali kwa sauti yake. "Sijui, mke wangu," akasema, akamshika bega, na safari hii hakutoka nje. Wakakaa na sijui yao wawili, kila mmoja na stuli yake.

Wiki ilikuwa inaelekea ukingoni Mama Pindo alipoinua macho kutoka kwenye sketi iliyojaa pini, akamwona binti yake mlangoni, mtoto kiunoni. Mtoto alikuwa amekua. Macho yake yalizunguka duka zima, cherehani, pasi, mpaka kwa mwanamke mwenye futi ya kupimia nguo shingoni.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Simu yako ilikuwa na nini?"

"Ilizima siku ile nikiwa nalia. Baadaye nikaogopa kuiwasha." Akampandisha mtoto kiunoni. "Nilikuwa nimekusema vibaya kwa watu, mama. Nilisema humtaki mjukuu wako."

Mama Pindo alivua kimto cha pini alichokifunga mkononi akakiweka mezani, kama fundi yeyote angefanya. Mkono ukataka kurudi kifuani upapase. Akaunyoosha mbele badala yake, na ule wa pili akaunyoosha pia. Binti akapiga hatua, kisha akasita. Alikuwa ameona meza, sketi, na zile pini zinazong'aa.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "hapo kifuani hamna pini?"

Upande wa pili wa ukuta redio ikapunguzwa sauti. Mama Pindo alilitazama swali lile, lake mwenyewe, limemjia kwa mdomo wa mwanawe. Alijua anachotaka kujibu, kwamba hamna, na alijua jibu lenyewe.

"Sijui, mwanangu. Mlete."

Binti akamleta.

Alikuwa mzito. Mama Pindo, aliyezoea kukisia mwili wa mtu kwa jicho tu, hakuwa amekisia uzito huu. Mtoto alimkodolea macho, mdomo wa chini ukatetemeka, ukakaribia kufunguka kwa kilio. Halafu akaiona futi, akaikamata, akaitia mdomoni.

"Mchumba wangu," bibi akamwambia, "nimekuchelewesha."

Hofu ilipanda. Aliisikia inavyopanda, akaiacha ipande. Alikuwa na kazi. Alipitisha kiganja juu ya mabega ya mtoto, kutoka bega hadi bega, polepole, anapima, maana alikuwa bado hajamshonea hata shati.